Baba Halambi Mawe Bure

Saluni, kiti cha nyuma karibu na dirisha,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Kichwa Ngumu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanakula vizuri, au bado wanachaguachagua kama baba yao? Sisi huku wazima. Mafua yalizunguka nyumba nzima, yakachoka, yakaondoka. Najua macho yako yameshakimbilia chini kutafuta habari za baba. Rudi juu usome salamu, sikuziandika bure.

Haya. Baba ni mzima. Akili zake zipo zote, na nyingine za akiba. Usiache kazi, usifunge mizigo. Siku ile nilipokupigia simu nalia, ukasema unaacha kila kitu unarudi, niliamini kabisa kwamba mzee tunampoteza. Leo nacheka peke yangu hapa mpaka mteja aliye chini ya mashine ya kukaushia nywele ananitazama vibaya.

Lakini wewe ungefikiri nini? Mtu amestaafu udereva wa lori, mkewe ametangulia, anashinda sebuleni na redio. Ghafla anaanza kutoka asubuhi bila kuaga, anarudi viatu vimejaa tope na mifuko ya koti imening'inia kwa mawe. Mawe, jamani! Nikayakuta kwenye beseni la kufulia, nikayakuta chini ya kitanda, mengine yamepangwa dirishani kama vikombe vya wageni. Mswaki wangu ukapotea, kumbe anasugulia mawe. Ukimuuliza anakwenda wapi, anajibu, "Natembea." Unamjua baba kwa uchache wa maneno.

Aliyenimaliza ni jirani yetu, fundi cherehani. Alikuja hapa mbio akaninong'oneza kwamba amemwona baba amechuchumaa kwenye mtaro wa mabomba, ameokota jiwe, analilamba. Nikamwambia macho yake yamechoka kwa kutunga sindano. Jioni ile nikachungulia jikoni: mzee huyo, jiwe mkononi, ulimi nje. Nikarudi nyuma kimyakimya, nikatafuta simu. Ndipo nilipokupigia.

Kesho yake nikampeleka kwa daktari, nikamdanganya kuwa tunakwenda kupima presha. Daktari akamuuliza siku, mwezi, majina ya wajukuu, akamwambia ahesabu kurudi nyuma. Baba akajibu yote, kisha akanigeukia akauliza kwa nini nimepeleka gari zima gereji. Daktari akasema haoni tatizo lolote, na kama roho yangu iko juu, niende naye huko anakokwenda nikaone mwenyewe.

Udhaniaye ndiye kumbe siye. Alhamisi nikafunga saluni, tukapanda basi, tukashuka mahali hata kituo hakuna. Tukafika kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Mlinzi alipomwona tu akaita, "Dereva, leo umeleta utingo?" Utingo mwenyewe ni mimi, na viatu vyangu vya kisigino.

Lango lilikuwa wazi, lakini baba hakuingia mpaka alipoomba ruhusa. Akanikataza kusimama chini ya ukuta wa mwamba, mawe huanguka. Akanieleza kwamba huja baada ya mvua, kwa sababu mvua huosha vumbi na jua likitoka mawe mazuri humetameta yenyewe. Nikamuuliza hizi sehemu nani humwelekeza. Akashangaa swali. Lori, nani mwingine? Kila ukingo wa barabara uliokatwa mlimani, kila mto unaokauka, kila machimbo aliyopakia kokoto, vyote viko kichwani. "Miaka yote napita, nayaona yanang'aa," alisema, "na nimebeba mzigo wa watu. Sikuwahi kusimama."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nikapata ujasiri, nikamuuliza na hilo la kulamba. Akaokota jiwe la kijivu, baya kabisa, akalilamba, akanipa. Kijani, mdogo wangu! Kijani, na mishipa myeupe ndani. Akasema jiwe kavu huwezi kulijua, lazima lilowe, na maji ya chupa ni ya kunywa.

Nilipomweleza tulichokuwa tunafikiria, alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo mlishaanza kunigawana?" Tangu mama atutoke sikuwa nimekisikia kicheko hicho. Nikalia pale pale machimboni, naye akanipa leso iliyojaa mchanga.

Ng'ombe hazeeki maini. Sasa kila Alhamisi nafunga mapema tunaondoka wote, na mswaki wake nimemnunulia. Ila yale ya chini ya kitanda nimemwambia ayahamishe, siwezi kufagia nikivunja vidole.

Fundi cherehani anakusalimu, naye siku hizi akiona jiwe lolote analeta. Msalimie sana wifi, na hao wanangu wabusu hata kama watakimbia. Mungu awalinde, awape usingizi mzuri kama ninaolala mimi sasa.

Baba naye anakusalimu kwa jiwe, limo ndani ya kitambaa. Siku ile alipokupeleka stesheni kwa lori ulipoondoka, aliuona mng'ao wake kwenye ukingo wa barabara. Hakusimama, ungechelewa treni. Juzi tulishuka pale, akalitafuta mpaka akalipata.

Litakapokufikia litakuwa la kijivu tu, utaona tumekutumia takataka. Usilitupe. Lilambe, Kichwa Ngumu. Mimi nimeshalilamba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiwa mbali hivyo,
Utingo wa Baba