Upande Asiouona Landry

Jumapili, 29 Septemba

Tumepigwa tena. Jana, nyumbani, mbele ya watu wetu — 38 kwa 10. Vidole vya mkono wa kulia vimevimba, sikio lina ganda la damu, jicho moja halitaki kufunguka. Sawa. Mpira wa Kimarekani ndivyo ulivyo. Kinachoniuma si hicho.

Kinachoniuma ni pasi. Hamsini na moja! Ostrander, huyu kocha wa mashambulizi waliyemleta mwaka huu kutoka California, kaita pasi hamsini na moja, mpira urushwe kwa mkono, na mbio kumi na nne tu, mpira ubebwe. Hapa Oklahoma! Hapa ambapo tangu enzi za babu zetu mtu mmoja hubebeshwa mpira, na sisi wanene watano wa ukutani, tunaosimama mstari wa mbele, tunamfungulia njia kwa mabega.

Asiyecheza hawezi kuelewa. Mpira ukikimbizwa, mimi ndiye ninayepiga. Naondoka chini, namwingia mtu tumboni kabla hajajijua, namwangusha, namlalia. Raha! Mpira ukirushwa, mimi ndiye ninayepigwa. Narudi kinyumenyume mikono mbele kama anayejikinga na mbwa, na jamaa anakuja mbio na kilo zake mia na ishirini. Jana kutwa nimerudi kinyumenyume. Na Landry Coyle, mrushaji wetu, kachezea kichapo mpaka anatema damu. Mgongo wake naulinda mimi, kushoto, upande asiouona akisimama kurusha.

Leo asubuhi kuna mtu kachomeka bango la NYUMBA INAUZWA kwenye nyasi za Ostrander, yaani ahame. Kioo cha gari lake nacho wamekivunja. Hoyt, mwenzangu wa ukutani, kacheka mpaka kakaa chini.

Jumanne, 1 Oktoba

Makocha wamegombana mbele yetu. Purvis, kocha wetu sisi wa ukutani, mzee wa tumbaku shavuni, kamwambia mwenzake: kimbiza kwanza, wakijazana mbele ndipo urushe juu ya vichwa vyao. Ostrander kasema sivyo, rusha kwanza, wakitawanyika ndipo ukimbize. Kuku na yai! Wanaume wazima, mate yanaruka.

Halafu Ostrander akatugeukia sisi. Kasema sisi ni mabawabu tu. Kazi yetu mlango ufungwe. Bawabu haulizwi ndani kunapikwa nini.

Hoyt Medlock — yeye ndiye wa katikati, anayeanzisha mpira — kawa mwekundu mpaka masikio. Mimi nilimgeukia wa kwanza aliyekuwa mbele yangu mazoezini, mtoto wa watu wala hajafanya kitu, nikamng'oa helmeti na kumtwanga ngumi ya pua. Kwa adhabu nimekimbizwa uwanja mzima mpaka nimetapika. Nikajisikia nafuu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Landry katupeleka kula, kama kila Alhamisi. Ndiyo desturi: mrushaji huwalisha wanaomlinda. Nyama ya kukaanga na mchuzi mweupe, viazi, chai ya barafu. Yeye mwenyewe hali, mbavu zinamuuma, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kakata nusu ya nyama yake kaniwekea. "Kula, Stroud. Wewe ukikonda, mimi nakufa."

Alipoondoka Hoyt kasogeza kiti. Kasema hata bawabu husinzia. Mara moja tu, Jumamosi. Mmoja apite, Landry aanguke vizuri, Ostrander aingiwe hofu, aturudishie mbio zetu. Wote wakaniangalia mimi. Ni upande wangu asiouona! Hoyt kasema hapo ndipo pazuri, maana asiyejua hakazi mwili, na asiyekaza haumii. Kasema kama daktari vile. Uongo mtupu. Anayevunjika ni yule asiyejua, na sote watano tunajua.

Nikasema sawa. Nilikuwa bado natafuna nyama yake.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimefanya.

Robo ya pili. Ostrander kaita pasi ndefu, ile ambayo Landry anasimama sana akingoja wenzake wafike mbali. Mbele yangu namba 91, shingo hana, kutwa nzima anamtukana mama yangu. Mpira ukatoka. Nikapiga hatua moja kuelekea ndani, kana kwamba nakwenda kumsaidia mwenzangu. Hatua moja. 91 mwenyewe alishangaa, nilimwona akisita, kama mtu aliyekuta duka liko wazi na mwenyewe hayupo. Halafu akaenda.

Sikugeuka. Nilisikia. Kwanza pumzi — hhhk! — halafu mlio mkavu, kama kuni.

Nilipogeuka, 91 alikuwa anacheza ngoma juu ya mwenzangu. Nikamrukia! Nilimpiga kwelikweli, nikamtia kidole jichoni, hata sijui watu wangapi walinivuta. Na watu majukwaani wakanishangilia. Eti Stroud ana uchungu na rafiki yake. Landry kabebwa kwa machela, mdomo umejaa povu jekundu.

Ostrander akawa mweupe kama karatasi. Kaita mbio. Mbio, mbio, mbio! Jarvis Tolliver, mkimbiaji wetu, kapita juu ya migongo ya watu tuliowalaza. 27 kwa 13. Hoyt kanikumbatia bafuni.

Jumapili, 6 Oktoba

Mbavu tatu za Landry zimevunjika. Moja imetoboa pafu.

Mchana tumetazama kanda ya mchezo. Purvis ana rimoti, kila mtu anatukanwa kwa zamu yake. Ilipofika ile, kaisimamisha. Kairudisha nyuma. Kaiachia. Kairudisha tena. Mguu wangu unaonekana wazi mno! Mtoto mdogo angeona. Purvis katema tumbaku kwenye kopo. "Umekosea hatua, Stroud. Hutokea." Akaendelea na nyingine.

Tukitoka kanishika shingo kwa upole, kama anavyomshika farasi wake. Mzee anajua. Mzee kafurahi! Hilo limenitisha kuliko matusi yote ya maisha yangu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda hospitali kwa Landry. Mrija umetoka ubavuni kwake unaingia kwenye chupa, ndani maji ya pinki. Mama yake kanikumbatia, kaniita mwanangu, kanishukuru kwa kumpiga 91. Nilitamani ardhi inimeze.

Landry kaniuliza kwa sauti ndogo kama nilimwona yule jamaa. Nikasema nilidhani kuna mwingine anaingia kwa ndani. "Ndani hakukuwa na mtu," kasema. Hakukasirika. Alikuwa anafikiri tu. Ndiyo kazi yake, kukumbuka kila mtu alisimama wapi.

Nikamwambia nilikosea, kaka. Kasema haya.

Huko nje nimeipiga ngumi mashine ya soda mpaka kioo kimepasuka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ushindi wa tatu mfululizo! Pasi nne tu mchezo mzima. Nne!

Leo nimemvunja mtu. Nilimwingia chini, mguu wake ukabaki, mwili ukaenda. Nilisikia. Alilia kama ndama, na mimi nililala juu yake nikicheka — Mungu anisamehe, nilicheka. Kisha tukafanya vilevile tena, njia ileile, wakajua tunakuja na bado hawakuweza. Hakuna kitu duniani kitamu kama hicho.

Bango nyumbani kwa Ostrander limeng'olewa. Sasa wanamwachia keki mlangoni. Anatembea kichwa chini. Kwa Landry sijarudi.

Jumamosi, 2 Novemba

Wametushtukia. Walijaza watu tisa mbele, karibu hakuna aliyebaki nyuma. Kwa nini abaki? Hata wauza soda wanajua haturushi! Kila mmoja wetu kakutana na wawili. Jarvis kapigwa na kila mtu, karibu hata na mashabiki. Kaburuzwa, kakanyagwa mkono, kang'atwa. 31 kwa 6.

Bega langu la kushoto limetoka. Likarudi lenyewe. Nikaona nyota mchana. Miezi miwili napiga watu kwa bega hilohilo. Sijamwambia mtu.

Bafuni Jarvis kanivaa. Kasema sisi tunapenda mbio kwa sababu sisi ndio tunaopiga. "Mimi ndiye ninayeubeba, we mbwa! Nani atarusha hata moja, waogope, waniondokee?" Karusha helmeti, kioo chote kimemwagika sakafuni. Nilitaka kumpiga. Mkono haukuinuka.

Jumapili, 10 Novemba

Tumepigwa tena. Mrushaji wa akiba anarusha kama anayefukuza nzi.

Na nani kasimama leo mbele yetu, kopo la tumbaku mkononi? Purvis! Kasema bila pasi hakuna mbio. Lazima nusu kwa nusu, adui asijue kinachokuja. Yule yule mzee! Nusura nimmwagie kopo lake usoni. Pasi unazo, mzee. Zimelala kitandani kwa mama yake Landry.

Mkuki kwa nguruwe. Leo ndiyo nimeuelewa msemo huu.

Jumatano, 20 Novemba

Landry karudi mazoezini. Kakonda. Kafungwa mbavu kwa vipande vya plastiki ngumu. Daktari hakutaka, kamwambia pafu hilo likipigwa tena vile anaweza asiamke. Kamtaka asaini kwamba kaambiwa. Kasaini.

Katusalimia sote, mmoja mmoja, kwa majina. Mimi wa mwisho. Hoyt kanivuta pembeni, jasho linamtoka na baridi yote hii: anajua? Nikamwambia muulize mwenyewe. Kanishika koo. Nikampiga kichwa cha pua. Tumesimama pale tunavuja damu.

Alhamisi, 21 Novemba

Katupeleka kula! Mahali palepale. Sote tumeinamia sahani.

Kasema Ostrander alimletea kanda kitandani, zote za mwaka huu. Kasema hakuwa na kazi nyingine. Kasema amejifunza mengi. Hoyt kaangusha uma. Landry kauokota, kaufuta, kamrudishia. Kisha kakata nyama yake, nusu, kaniwekea kwenye sahani yangu.

Nimetapika nyuma ya gari. Laiti angenipiga! Angenipiga hata kwa kiti, ningemshukuru.

Jumamosi, 23 Novemba

Niko chooni, uwanjani, mlango nimefunga. Vidole vimefungwa tepu, kalamu nimeishika kwa ngumi. Juu yetu watu wanapiga miguu, vumbi linadondoka kutoka darini. Mechi ya mwisho, na hawa ndio mahasimu wetu tangu enzi. Mbele yangu leo atasimama namba 44. Warushaji watatu kawatoa kwa machela mwaka huu. Anawahesabu kwa alama kwenye helmeti yake, nimeziona.

Sasa hivi Ostrander kasoma mchezo wa kwanza. Mbio, kasema, tuwasogeze mbele kwanza. Lo! Na huyu kajifunza! Landry kakataa. Mbele ya wote. Kataka pasi, ile ndefu, ileile ya siku ile. Kasema 44 na wenzake watakuwa wamejipanga kuzuia mbio, hawataitarajia. Ni kweli. Ni akili tupu. Ostrander kafikiri, kasema sawa, lakini nitamweka Jarvis upande wa kushoto amsaidie Stroud na huyo 44.

Landry kasema hapana. Jarvis aende mbele kupokea mpira. "Stroud hahitaji msaada. Au vipi, Stroud?"

Chumba kizima kikanigeukia. Hoyt katazama viatu vyake. Nikasema ndiyo.

Kisha kaja kwangu. Kainama, kasema polepole nisikie mimi tu. "Safari hii pia sitageuka kuangalia upande wako. Nitasimama mpaka mwisho." Akanipiga bega, la kushoto, kirafiki kabisa. Nikaona giza. Nimekaza meno, nimemchekea.

Hajui lina nini. Hakuna anayejua. Limezidi, tangu juzi hata shati navaa kwa kuegemea ukuta. Nimwendee Ostrander nimwambie, kocha, nipe Jarvis, sina mkono? Landry atanitazama. Atajua naogopa kuachwa peke yangu na mgongo wake, na atafikiri anajua kwa nini. Na nisiposema, 44 akipita, nani ataamini kwamba safari hii nilijaribu? Nani? Hata mama yake hataamini.

Purvis anagonga mlango kwa ngumi. Stroud! We Stroud, unazaa humo? Toka, timu iko mlangoni!

Nimejaribu tena sasa hivi, nimesimama mbele ya sinki. Mkono unafika kifuani. Haupandi zaidi.