Hatua Sitini za Mzee Ambundo

Mzee,

Ni mimi Ayuma. Mama wa nyumbani kwako yuko salama, anakohoa kidogo tu, na ng'ombe wako mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Ile ofisi yetu ya kupimia watu mashamba, nyuma ya duka la viatu, imechukuliwa na kinyozi. Juzi nilipita hapo nikaona mtu amekaa mahali pako, amefungwa kitambaa shingoni, nikaondoka mbio kabla sijaanza kulia barabarani kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Nimepata kazi, Mzee. Ni ofisi hapa mjini inayokodisha nyumba na kuuza ploti, na mimi ni msaidizi, wa chini kabisa. Nabeba funguo, nawaonyesha wanafunzi vyumba huko Shirere, najaza fomu, nachemsha chai. Nina kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza mkubwa wangu alifungua droo akatoa tepu ya kupimia, ya chuma, ndefu hata sijui inaishia wapi. Niliiangalia machozi yakanitoka. Wakadhani naumwa na jino.

Sasa nisikilize, na usinikatize kama ulivyozoea.

Unaikumbuka ploti ya Mama Rispa, upande wa Malava? Yule mjane anayeuza njugu sokoni. Ulimpimia kabla sijaanza kufanya kazi kwako, lakini karatasi nimeiona, ni mwandiko wako ule wa kulala. Umeandika urefu ni hatua sitini kutoka barabarani kuteremka upande wa mto. Basi. Ukapanda mkonge wa mpaka kwenye pembe, mkala kuku, mkaachana. Naye Mama Rispa akajenga huko chini kabisa, mbali na vumbi la barabara, ili mbele ya nyumba apate mahali pa kulima.

Aliyemuuzia akafa. Halafu na wewe, homa ya siku tatu tu, ukafa. Hata matanga yako hayajapoa, kijana wa yule muuzaji, Wycliffe, akarudi nyumbani kutoka Nairobi, akang'oa mkonge wote, akasema shamba la mama huyo linaishia juu, si kule chini. Liguru, na cheo chake cha mkuu wa kijiji, akaita wazee. Wakasoma karatasi, wakaona njia ni moja, ipimwe tena. Na nani? Mtu akasema, "Si kuna yule msichana wake wa daftari?"

Nilienda nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Nilidhani wananiita kwa heshima, Mzee. Mjinga mimi!

Unajua vile ulivyokuwa unatembea. Mguu mmoja uko hapa, wa pili umeshafika kwa jirani. Mimi nilikuwa nakufuata nikihema, napiga moja na nusu kwa yako moja. Mara ngapi nilikwambia tununue tepu? Ukanijibu, "Mguu huu ndio tepu yangu, na hauliwi na kutu." Ukacheka mpaka kofia ikaanguka. Nikacheka na mimi, kwa sababu ulikuwa ukicheka mtu hawezi kujizuia.

Basi nikawaambia wazee ukweli. Nikasema hatua ya Mzee si yangu, nipeni tisini ndio zitimie sitini zake. Wycliffe akaangua kicheko. "Karatasi imesema sitini. Imesema za nani?" Ikapita mkono kwa mkono. Wazee wakaigeuza, wakaangalia na nyuma. Haikusema. Nikaomba basi atafutwe mwanaume mrefu kama wewe. Wycliffe akasema huyo atakuwa amehongwa, na liguru akasema mimi ndiyo ofisi iliyobaki, nipime au niseme nimekataa.

Nikavua viatu. Nikapandisha sketi mpaka magotini mbele ya wazee, haki ya Mungu, nikaanza kunyoosha miguu mpaka nyonga zikalia. Watoto walinicheka. Watu wakahesabu kwa sauti, kila mmoja, kama wako shuleni. Mama Rispa alitembea kando yangu, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Nilidhani anahesabu. Nilipomkaribia nikasikia anaomba.

Kwenye arobaini na kitu niliteleza, wakaniambia hiyo nayo ni hatua. Hamsini. Hamsini na tano. Nikaanza kuiona nyumba na nikajua haifikiki. Kwenye sitini nilisimama katikati ya maharagwe aliyokuwa ameanika uani, na nyumba yote, mlango, madirisha, jiko la nyuma, iko mbele yangu. Ningefanya nini, Mzee? Niongeze thelathini huku umati unahesabu?

Liguru akaniuliza, "Ni hapo, msichana?" Nikaangalia nyumba. Akauliza mara ya pili. Nikasema, "Ni sitini." Sikusema ni hapo, ujue. Nilisema ni sitini. Lakini Wycliffe alikuwa ameshachomeka kijiti miguuni pangu.

Nimekukasirikia, Mzee, na sina wa kumwambia ila wewe. Ulikuwa mwaminifu, mimi najua, ulimpimia yule mama kwa haki na pengine ukamwongezea kidogo. Lakini ulidhani utaishi milele? Ulidhani kila ugomvi utakuja mwenyewe na miguu yako umalize? Watu wa hapa walikuamini hata hawakuona haja ya kitu kingine, na wewe ulipenda hivyo. Ulipenda sana. Ungenisikiliza mara moja tu.

Nisamehe. Si vizuri kumgombeza mtu aliyelala.

Nilijaribu, usifikiri nilikaa tu. Nilienda ofisi ya ardhi nikapanga foleni tangu asubuhi. Karani akaniuliza namba ya shamba, akaenda, akarudi, akasema hati bado iko kwa jina la babu yake Wycliffe, na kwamba huyo Mama Rispa hamjui. Akanirudishia karatasi yako ameishika kwa ncha za vidole. Nikamwuliza sasa tufanye nini. Akasema, "Anayefuata." Nilirudi kwa liguru nikamkuta anapalilia, akanisikiliza vizuri, akanipa ndizi mbivu nile njiani. Ndicho nilichopata.

Mama Rispa alipewa muda mpaka mavuno awe amebomoa nyumba.

Wiki iliyopita nikainua macho kutoka kwa fomu zangu nikamwona amekaa kwenye benchi la wateja. Amevaa ile gauni yake ya Jumapili, mfuko juu ya magoti, watoto wake kando yake. Nilitaka kuingia chini ya meza. Nilijua amekuja kunitukana mbele ya mkubwa wangu na nikasema sawa, na atukane, nitapumua. Akanisalimia kwa jina. Akauliza habari za nyumbani. Halafu akasema, "Nasikia unapatianga watu nyumba. Nitafutie chumba, Ayuma, mimi na watoto."

Nilichukua funguo. Tulienda Shirere kwa miguu. Nilimwonyesha chumba cha mwisho kwa sababu kina dirisha linaloangalia nyasi. Alisimama katikati akazunguka polepole. Akauliza kama wanakubali kuku. Nikamwambia hawakubali. Akasema, "Ai, basi," akapangusa dirisha kwa kiganja. Watoto wake watatu walikuwa wamesimama mlangoni hawaingii, wanangoja waambiwe.

Tuliporudi ofisini mkubwa wangu alifurahi. Akaniambia huyo ndiye mteja wangu wa kwanza niliyempata mwenyewe, akawaita wengine, wakanipigia makofi. Makofi, Mzee! Na Mama Rispa amekaa pale anatazama.

Nikaanza kumjazia fomu kwa sababu hajui kuandika. Jina, idadi ya watoto, kazi. Kuna mstari unaouliza kwa nini mtu amehama alikokuwa anaishi. Nikausoma mara ya pili, kisha ya tatu. Wenzangu walikuwa bado wako karibu, wanacheka. Mama Rispa aliniangalia, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya chini,

"Andika nimependa mji."

Nikaandika.

Mzee, mimi sina nguvu ya kumrudishia mwanamke huyu ardhi yake, na wewe pia huna. Mtu yeyote atakayeniuliza, leo au nikiwa bibi kizee, nitamwambia nyumba ya Mama Rispa ilikuwa ndani ya shamba lake. Wasiponiuliza nitasema tu. Hilo nakuahidi, na ni dogo, najua ni dogo.

Lala, Mzee wangu. Nimechoka, na kesho nina vyumba vinne vya kuonyesha.

Ayuma