Nilisema Wote Wamefika

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi cha wilaya, kaskazini mwa Albania, tarehe 14 Septemba 2023, mbele ya Sajenti Luan Hoxhaj.

Jina: Dila Vuksani. Umri: miaka 18. Kazi: nimemaliza shule mwezi Juni, namsaidia baba yangu mkubwa, Ndoc Vuksani, kuongoza wageni milimani. Makazi: kijiji cha Gurrëz.

Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimesikia kwamba Bw. Isuf Mulaj, kiongozi wa wageni wa bonde la upande wa pili wa mlima, amewekwa ndani kwa kumpoteza mgeni. Si yeye aliyempoteza.

Mnamo tarehe 11 Septemba, saa moja asubuhi, tuliondoka Gurrëz na wageni wa Kitaliano kwa njia ya zamani, ile waliyopita mababu na nyumbu waliobeba chumvi. Baba mkubwa alitangulia na nyumbu wa mizigo. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwa sababu najua Kitaliano cha kwenye televisheni. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mtu habaki nyuma yangu.

Mgeni wa mwisho alikuwa Bi Ornella, mama wa miaka sitini na kitu. Tulipokaribia juu aliniambia anataka kwenda haja. Alisema, "Tangulia, mwanangu. Ukinisimamia kama askari, haitatoka." Nilicheka, nikaona haya, nikatangulia. Ukungu ulikuwa unapanda.

Afisa ameniomba nieleze utaratibu wetu wa pale juu, kwa kuwa yeye ni mtu wa pwani. Njia inapovuka mlima panaitwa Qafa. Hapo nyumba yetu huwakabidhi wageni kwa nyumba ya Isuf. Mwenyeji akishawapa mgongo, wageni ni wa yule aliyewapokea, na likiwapata jambo, aibu ni yake. Anayepokea hahesabu. Ukihesabu, umemwita mwenzako mwongo.

Isuf alikuwa anatusubiri na vijana wawili wa kwao. Alisema, "Ndoc, bado unapumua? Nilidhani leo nyumbu atawaleta wageni peke yake."

Baba mkubwa akajibu, "Angeweza. Lakini anaona aibu kuonekana na watu wa bonde lenu."

Walicheka, wakapeana sigara. Kisha baba mkubwa akaniuliza, "Dila, wa nyuma wamefika?"

Wale vijana walikuwa wananitazama. Sikuweza kutamka mbele yao kwamba mama wa watu amechutama nyuma ya jiwe. Nilifikiri atatokea wakati wowote. Nikasema, "Wote wamefika."

Isuf akasema, "Nimewapokea." Baba mkubwa akageuka.

Nilijifanya nafunga kamba za kiatu. Bi Ornella hakutokea. Nilirudi hadi kwenye lile jiwe, hakuwepo. Niliita jina lake mara moja, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Nikajiambia kwamba amepita kwenye ukungu, yuko na wenzake. Nikashuka.

Saa nane mchana Isuf alimpigia simu baba mkubwa. Alikuwa amesimamisha kundi kisimani ili wapate kula, akaona mmoja hayupo. Nilikuwa nimesimama kando, nashusha matandiko ya nyumbu. Baba mkubwa alimjibu, "Nilikukabidhi wote. Angalia kwako." Nilisikia kila neno. Nikaendelea kufungua kamba.

Isuf na watu wake walitafuta upande wao. Upande wetu hakuna aliyetafuta. Kesho yake asubuhi mchungaji wa mbuzi alimkuta Bi Ornella kwenye korongo, mguu umevunjika, mwili umepoa kwa baridi, lakini yu hai. Alikuwa amefuata njia ya mbuzi inayozunguka chini ya Qafa hadi upande wa Isuf. Yuko hospitali na bado hajazungumza.

Siku hiyo nilimwambia baba mkubwa ukweli. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi nyamaza. Ameokotwa kwao. Unataka nyumba yetu iitwe nyumba iliyotupa mgeni?"

Jana mke wa Isuf alimwambia mama yangu kwamba mumewe ameulizwa hapa kituoni kwa nini hakuhesabu. Amejibu, "Kosa ni langu." Hakumtaja baba mkubwa. Hakunitaja mimi.

Naomba iandikwe kwamba Isuf alipokea neno langu, na neno langu lilikuwa uongo. Niliyoyasema yanaishia hapa, na sitayabadilisha nyumbani.

(Sahihi) Dila Vuksani

Maelezo ya afisa: Shahidi ameyasoma mwenyewe na kusaini bila kulazimishwa. Bw. Isuf Mulaj ameachiwa saa tisa alasiri. Shahidi aliomba apitishwe mlango wa nyuma, kwa kuwa Bw. Mulaj na mkewe walikuwa wamesimama mbele. Nilimweleza kwamba kituo kina mlango mmoja. Akatoka kwa mlango huo.

Sajenti L. Hoxhaj