Kikongwe Anavuta Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini zinakukuta mzima, na shemeji pia, kama bado hajakukimbia kwa purukushani zako za maandalizi ya harusi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa jambo moja nitakalolieleza huko chini, kwa hiyo soma taratibu, usiruke mistari kama ulivyozoea. Mama anakusalimu sana. Amenuna kwa sababu kabureta ya Kikongwe ililala juu ya meza yake ya kulia, na anasema akikuta tena plagi kwenye beseni la vyombo, mimi na Baba tutahamia gereji na magodoro yetu.

Naam, Kikongwe amefufuka! Ulipokuwa huna meno ya mbele, Baba alikuahidi kwamba siku ya harusi yako atakuendesha mwenyewe kwa gari lake lile kuukuu. Wewe pengine uliona ni maneno ya kumbembeleza mtoto. Yeye hakuyaona hivyo. Nimeshusha injini, nimebadilisha ringi za pistoni, nimefunga breki mpya. Siku injini ilipoitika Baba aliipigia makofi, na Mama akatoka mbio jikoni, mwiko mkononi, akidhani tumelipua nyumba.

Ikabaki kulijaribu barabarani. Unaijua sheria ya gereji yetu: aliyetengeneza haendeshi. Anakaa kiti cha abiria, anafumba macho na kusikiliza, maana Baba anasema fundi akishika usukani huanza kulitetea gari lake. Basi Baba akaendesha, mimi nikafumba macho. Gia ya pili ilikwaruza kidogo, kisha ikatulia. Klachi laini. Kwenye kile kilima cha kiwanda cha magodoro injini ilipanda bila kukohoa, nikajikuta natabasamu peke yangu. Lakini tulipofika penye barabara iliyonyooka nikahisi tunahama. Gari lilikuwa linavuta kushoto. Changarawe za pembeni zikaanza kugonga chini ya bodi kabla Baba hajalirudisha.

Tukarudi gereji. Nikapima upepo wa matairi, sawa. Nikagusa magurudumu nione kama breki moja inashika, yote yalikuwa na joto lile lile. Nikalala chini nikatikisa vyuma vya usukani, nikabadilisha hata beringi ambayo haikuwa na kosa lolote. Tukatoka tena, likavuta tena, na safari hii mwendesha baiskeli mmoja alitutukana matusi ambayo siwezi kumwandikia bibi harusi mtarajiwa. Nilijiona fundi wa bure kabisa. Nikamwambia Baba kwamba kama nimeshindwa kunyoosha gari la harusi ya dada yangu, bora nikauze vitunguu. Hakucheka, na unamjua Baba, yeye hucheka hata akiumwa jino.

Hapo nikavunja sheria, nikamwomba tubadilishane viti. Alisita. Kisha akashuka, akazunguka, akakaa, akafumba macho. Dada, Kikongwe alikwenda sawasawa kama uzi! Niliachia usukani kidogo, hakuyumba. Nikageuka kumpa Baba habari njema, nikamkuta machozi yanamtoka na macho bado kayafumba.

Nilisimamisha gari pembeni, akaniambia pale pale. Mkono wake wa kulia umeanza kumwacha. Vidole havishiki, usukani unamponyoka upande huo, na mkono wa kushoto unabaki unavuta peke yake. Alikuwa ameshagundua hayo muda mrefu. Ndiyo maana siku hizi kikombe anashika kwa kushoto, na mashati ya vifungo kayaacha kabatini. Nilikuwa naye gereji kila siku, nikisikiliza kila beringi, na mkono wa baba yangu sikuuona. Nililia, sikufichi. Tumeshakwenda kwa daktari. Anasema kuna mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni, na kwamba dawa na mazoezi vitasaidia, ila kuendesha gari asahau kwa sasa.

Sasa nikuungamie. Baba ameniagiza nikuandikie kwamba gari limeshindwa majaribio, kwamba usukani umekwisha na vipuri vyake havitengenezwi tena, ili usiendelee kumngoja. Amenipangia mpaka maneno ya kutumia. Nilimwitikia ndiyo Baba, na hivi ninavyoandika anapita pita mlangoni akidhani hiyo ndiyo barua ninayokuandikia. Kwake afadhali uidharau kazi yangu kuliko ujue habari za mkono wake. Siwezi, Dada. Gari ni zima, kuanzia plagi hadi silensa, na nitaliendesha mimi.

Akikupigia simu atakudanganya, na jinsi asivyojua kudanganya, atakutajia hadi vipuri ambavyo gari lile halijawahi kuwa navyo. Mwache amalize. Usimlilie, maana ataona mimi ndiye niliyesema. Kisha mwambie kwamba siku hiyo unamtaka yeye pembeni yako, hata kama itabidi mwende kwa miguu.

Msalimie sana shemeji. Mama anakukumbusha ule vizuri, usije ukapwaya ndani ya gauni.

Mdogo wako akupendaye,
Spana