Bolti za Ndege ya Baba

Mbeya, 9 Agosti 1976

Dada yangu Atuganile,

Huku baridi imezidi, mahindi tumeshavuna, na wanangu wanakuulizia. Natumaini huko Iringa mko salama.

Ile ndege ndogo ya mbao aliyoiunda baba ilipoanguka mara ya kwanza, ilivunjika vibaya. Bolti za chuma zilikataa kuachia bawa, nalo likararua bodi nzima. Baba aliitengeneza upya, lakini akaogopa kuirusha. Basi nikatafuta bolti za plastiki kwenye redio mbovu pale sokoni Mwanjelwa, nikazikwangua ziwe nyembamba.

"Zitakatika hizi," baba akalalamika.

"Ndivyo ninavyotaka, baba. Ndege ikigonga, zikatike, bawa lichomoke zima."

Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya kanisa, tuliirusha uwanjani. Ilimzunguka baba vizuri kwenye waya alioushika mkononi, kisha ikajibamiza kwenye kichuguu. Bolti zikakatika, bawa likaruka pembeni, na ndege ikabaki bila ufa. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tumzike mama.

Kisha akanishika mkono. "Andendekisye, kimbia ukamwite mama yako aje aone."

Nilidhani anatania. Nilipobaki nimesimama alikasirika, akaanza kumwita mwenyewe kwa sauti, watu wakitutazama. Tangu hapo anamtafuta kila asubuhi, jikoni na shambani. Kazini situlii, nahofia atapotelea barabarani.

Usisubiri likizo, dada. Wewe una sauti ya mama. Huenda akikusikia atatulia. Njoo.

Mdogo wako,
Andendekisye