Wimbo wa Sufuria ya Bluu

Ndugu yangu Torfinn,

Theluji inayeyuka, na paka uliyeniachia anakula vizuri. Jumamosi Norway itachagua wimbo wa kuiwakilisha kwenye shindano la nyimbo la Ulaya kwa kura za simu. Jirani Gudny kanikazania, "Shoga, mpigie Eivind kura, ni kijana wetu!"

Nimeusikia wimbo wake redioni. Ni ule ambao binti yangu Asta aliurekodi kwenye simu yake, akinikorogea uji, asubuhi ya siku aliyozama ziwani. Hata sufuria yangu ya bluu imetajwa humo. Simu ile haijapatikana hadi leo.

Nilimwandikia Eivind kumuuliza. Akajibu kwa upole: "Mama Asta, nakuja Ijumaa tunywe kahawa. Usimwambie mtu kabla ya kura."

Nimekwambia wewe tu. Njoo Alhamisi.

Dada yako,
Gunnvor