Sinema ya Karatasi

Jumatatu, 7 Juni 1954
Nimekata karatasi tangu alfajiri. Nyeusi, zile za kufungia filamu studioni. Nasogeza kipande kidogo sana, naondoa mkono, Baba Rehema, mume wangu, anapiga picha moja. Nasogeza tena. Zikiendeshwa pamoja, karatasi zitatembea zenyewe. Hakuna mtu humo, wala mti. Maumbo tu. Bwana Kanji, mwenye studio, amekimbilia Nairobi kwa hofu ya vita hivi vya msituni. Kamera na mashine ya kunasa sauti alimwachia mume wangu azitunze. Tunazitunza hivi. Kiuno kinauma. Nina furaha, na naona haya kuwa na furaha mwaka huu.

Jumatano, 9 Juni
Maiti za watu wa msituni sokoni. Askari wamezimwaga chini kama viazi, wakatulazimisha kupita tukizitazama. Mmoja hana mikono. Wameikata, eti wakachukue alama za vidole. Alikuwa kijana.

Nyumbani mkasi ulinishinda. Nilirarua karatasi kwa mikono. Baba Rehema akasema, "Hivyo hivyo. Usizinyooshe." Akaenda kwa mchinjaji jirani kunasa sauti ya shoka likipasua mfupa. Sauti ile juu ya karatasi zile! Sijui nitatazamaje. Lakini ndiyo yenyewe.

Ijumaa, 11 Juni
Filamu imekwisha, iko mkebeni. Lori la Jumatatu litaipeleka Nairobi ikasafishwe.
Nawachukia wote wenye bunduki. Wote.

Jumapili, 13 Juni
Wamekuja tukinywa chai. Afisa mzungu na homgadi wanne, Waafrika wenzetu wanaolinda serikali. Afisa akaokota pembetatu.
"Hii alama ya nani?"
"Si alama, bwana. Ni karatasi," mume wangu akajibu.
"Inasema nini?"
"Haisemi kitu."
Jibu hilo ndilo lililomponza. Rungu la sikio. Tena. Tena palepale. Damu ikarukia mkekani. Nikamng'ata homgadi mkono mpaka nikaonja chumvi. Kitako cha bunduki kikaning'oa meno mawili. Kamera wakaipondaponda, na mashine ya sauti. Afisa akafungua mkebe mlangoni, akavuta utepe wote juani akitafuta picha. Filamu isiyosafishwa ikiona jua, imekufa. Hakuona kitu. Akazidi kuwaka.

Wamemchukua. Ni mtu wa Muthara, Mmeru aliyesilimu. Kwao hilo linatosha kumhesabu mtu wa msituni.

Jumanne, 22 Juni
Langoni pa kambi walikomfungia nimefukuzwa kwa kiboko. Ndani mtu alikuwa analia kama mbuzi. Sikuijua sauti. Labda ni yake.
Mama Zuhura, jirani, ananisihi: "Lia kidogo, mwanangu." Silii. Nataka kuua mtu. Nimenoa mkasi, nikalala nao.

Jumamosi, 17 Julai
Wamemwachilia jana. Hawakusema kwa nini. Mbavu zinahesabika. Sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia linasikia kwa mbali. Rehema alijificha nyuma yangu kwanza, kisha akaenda kumshika kidole.

Leo mchana ameomba aione sinema. Nikamwonyesha kwa ishara: hakuna tena. Akaelekeza kidole kwenye karatasi zilizobaki.

Nimezitandika mkekani, nikazisogeza kwa mkono, moja moja, kwa mpangilio ule ule. Alikaa ukutani, blanketi magotini, hapepesi macho.

"Polepole!" akapaza sauti. Hasikii sauti yake mwenyewe. Mtaa mzima umemsikia.

Sikumwambia anyamaze. Nimesogeza polepole.